Namba ya pete kabla hujaagiza mtandaoni: pima milimita kwanza, jedwali baadaye

#1 KipimoSahihi

Habari wakuu. Swali moja linarudi kila mara kwenye mijadala ya vito: "Mimi navaa namba 7, kwa Ulaya ni ngapi?" Likijibiwa hivyo hivyo, mtu anaagiza na pete inamkwama kwenye kifundo cha kidole. Namba 7 ya Marekani, herufi N½ ya Uingereza, 54 ya Ufaransa na 14 ya Italia ni majina yaliyobandikwa juu ya kitu kimoja, nacho ni duara la ndani la pete. Duara hilo hupimwa kwa milimita. Ukishakuwa na milimita zako, namba ya nchi yoyote unaipata kwa hesabu ndogo. Ukianza na namba na kuihamisha jedwali hadi jedwali, kila jedwali linakadirisha kidogo, na makadirio mawili au matatu yakirundikana umeshahama nusu namba bila kujua.

Vipimo ni viwili, na watu huvichanganya sana. Kuna kipenyo cha ndani, yaani umbali wa kukatisha tundu la pete katikati, na kuna mzingo wa ndani, yaani urefu wa duara lenyewe. Mzingo ni kipenyo mara 3.14. Pete yenye kipenyo cha 18 mm ina mzingo wa 56.5 mm.

Tazama inavyoweza kukuponza. Muuzaji ameandika "ukubwa 17" bila maelezo. Kama ni kipenyo, mzingo ni 53.4 mm. Kama ni namba ya Italia, mzingo ni 57 mm. Kama ni ya Japani, ni 57.6 mm. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna zaidi ya namba moja na nusu za Marekani, na tangazo ni lile lile. Usilipe kabla hujajua "17" hiyo ni ya nini.

Njia za kupima nazigawa mbili: ya pete uliyonayo na ya kidole chenyewe.

Pete uliyonayo. Chukua pete inayokutosha vizuri kwenye kidole kile kile utakachovalia pete mpya. Ya mkono mwingine haifai, kwa sababu mkono unaoutumia zaidi mara nyingi una vidole vinene kidogo kuliko mwenzake. Tumia kalipa, kifaa cha kupimia chenye taya zinazofunguka, kwa zile taya ndogo za juu ambazo hupima ndani. Ziingize kwenye tundu zikiwa zimefungwa, zifungue polepole hadi ziguse pande zote mbili, kisha izungushe pete kidogo kulia na kushoto. Soma namba kubwa zaidi unayoipata, maana ikiwa ndogo ujue taya hazijapita katikati ya duara. Halafu geuza pete robo mzunguko upime tena. Pete iliyovaliwa muda mrefu huwa imebonyea ikawa kama yai: upande mmoja utasoma 17.0, mwingine 17.6. Chukua wastani, 17.3.

Ncha za taya ni bapa na tundu la pete ni la mviringo, kwa hiyo kalipa husoma pungufu kidogo, kama sehemu ya kumi ya milimita. Ukipata 17.2 au 17.25 na namba iliyo karibu ni ya 17.3, ndiyo hiyo.

Huna kalipa? Rula itakusaidia, lakini jua udhaifu wake. Ukikosea nusu milimita kwenye kipenyo, umekosea zaidi ya nusu namba ya Marekani. Jicho likitazama rula kwa pembeni, nusu milimita inapotea kirahisi sana.

Kidole chenyewe. Kata ukanda wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, urefu wa 10 cm, upana sawa na upana wa pete unayotaka. Pete ya 4 mm, ukanda wa 4 mm. Zungushia kwenye shina la kidole, mahali pete itakapokaa, mpaka ncha moja ipande juu ya nyingine. Karatasi iguse ngozi pande zote lakini isiibonyeze. Hapo karatasi zinapopandana, chora mstari mmoja kwa kalamu yenye ncha kali ili uvuke karatasi ya juu na ya chini kwa pamoja. Fungua, nyoosha mezani, pima kutoka alama hadi alama. Huo ndio mzingo wako. Rudia mara tatu. Majibu yakitofautiana zaidi ya 1 mm, hujashika vizuri, anza upya.

Naona njia ya karatasi ni bora kuliko kupima kipenyo kwa rula tupu. Sababu ni ya hesabu: kosa la 1 mm kwenye mzingo ni kama 0.4 ya namba ya Marekani, lakini kosa hilo hilo la 1 mm kwenye kipenyo ni namba moja na robo.

#2 Mwanavito

Mkuu umeeleza vizuri, nami niongeze kuhusu uzi wa kushonea na kamba, kwa sababu ndiyo njia inayosambazwa kuliko zote na ndiyo inayoharibu kuliko zote.

Uzi una kasoro tatu. Ya kwanza, unavutika, kwa hiyo ukiukaza kidoleni, ukiuachia unakuwa mfupi na pete inakuja ndogo. Ya pili, unapenda kulala mshazari, mwanzo uko chini na mwisho uko juu kidogo, na hapo unapima njia ndefu kuliko duara. Ya tatu ndiyo watu hawaifikirii kabisa, nayo ni unene. Kamba ya unene wa 1 mm ikizunguka kidole, urefu wake unapita katikati ya kamba, si kwenye ngozi. Ukiinyoosha, inasoma zaidi ya mzingo wa kidole kwa takriban 3.1 mm, ambayo ni zaidi ya namba nzima ya Marekani. Karatasi ya kawaida ina unene wa kama 0.1 mm, kosa lake ni 0.3 mm tu na halikusumbui.

Ndiyo maana mtu anapima kwa kamba, anapata namba kubwa, kisha anashangaa pete inazunguka kama bangili.

#3 Zumaridi_K

Asanteni wakuu. Nimepima kwa karatasi mara tatu: 53, 53, 52.5. Tuseme 53. Sasa naigeuzaje? Kila jedwali ninalofungua linanipa jibu lake.

#4 FundiHesabu

Dada Zumaridi, achana na majedwali kwanza, tumia kanuni zenyewe. Ni chache.

*Ufaransa na Ujerumani, na wengi wanaofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 8653:* namba ni mzingo wa ndani kwa milimita. Wewe ni 53, umemaliza. Ujerumani utakuta pia wanaoandika kipenyo, kwa hiyo ukiona 16.9 au 17 usishtuke.

*Italia, Hispania, Uswisi:* mzingo toa 40. Wewe ni 13.

*Marekani na Kanada:* namba 0 ina kipenyo cha 11.63 mm, na kila namba nzima inaongeza 0.8128 mm kwenye kipenyo, sawa na 2.55 mm kwenye mzingo. Kwa hiyo mzingo toa 36.5, gawanya kwa 2.55. Kwako: 53 − 36.5 = 16.5, 16.5 ÷ 2.55 = 6.47. Hiyo ni 6½.

*Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand, Afrika Kusini:* herufi. Kwa kiwango cha Uingereza cha BS 6820 cha mwaka 1987, herufi C ni mzingo wa 40 mm na kila herufi inaongeza 1.25 mm, kwa hiyo A inaangukia 37.5. Mzingo toa 37.5, gawanya kwa 1.25, kisha hesabu herufi ukianza A kama sifuri. Kwako: 15.5 ÷ 1.25 = 12.4. Herufi ya 12 baada ya A ni M, na 0.4 iko karibu na nusu. Wewe ni M½.

*Japani:* namba 1 ni kipenyo cha 13 mm, kila namba inaongeza theluthi moja ya milimita. Kipenyo toa 13, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kipenyo chako ni 53 ÷ 3.14 = 16.9, hivyo 3.9 × 3 + 1 = 12.7. Chukua 13.

Utaona Italia na Japani zimekupa 13 zote mbili. Theluthi ya milimita kwenye kipenyo ni kama 1.05 mm kwenye mzingo, karibu sawa na hatua ya 1 mm ya Italia, na mianzo yao imekaribiana. Kwa vidole vyembamba namba hizi mbili huenda pamoja. Kadiri unavyopanda zinaachana: 20 ya Italia ni mzingo wa 60 mm, 20 ya Japani ni 60.7.

Kwa wanaotaka kitu cha kukumbuka kichwani, namba nzima za Marekani huangukia kwenye nusu herufi za Uingereza, kwa sababu 2.55 ni karibu herufi mbili kamili:

5: kipenyo 15.7, mzingo 49.3, J½
6: kipenyo 16.5, mzingo 51.9, L½
7: kipenyo 17.3, mzingo 54.4, N½
8: kipenyo 18.1, mzingo 57.0, P½
9: kipenyo 18.9, mzingo 59.5, R½
10: kipenyo 19.8, mzingo 62.1, T½

#5 Zumaridi_K

Nimeelewa. Ila jedwali moja limeandika 7 ya Marekani ni N½, jingine O. Jingine linasema 54, jingine 55. Nani mkweli?

#6 FundiHesabu

Ni kukadirisha tu. Mzingo wa 7 ni 54.4. Anayekadiria chini anaandika 54, anayehofia isibane anaandika 55. Kwa herufi, N½ ni 54.4 na O ni 55.0. Wauzaji wasiotengeneza nusu herufi wanakupeleka O moja kwa moja. Ukimwambia muuzaji "mzingo wa ndani 54.4 mm" hana pa kukadiria.

Angalia pia watengenezaji wa kiwandani wanaotoa namba shufwa pekee: 50, 52, 54, 56. Kutoka 52 hadi 54 ni karibu robo tatu na kitu ya namba ya Marekani, kwa hiyo wewe mwenye 53 unaangukia katikati kabisa. Pete nyembamba, nenda 52 kama kifundo kinaruhusu. Pete pana, 54 bila kusita.

#7 Lulu_ya_Kina

Naomba kuuliza wakuu. Kuna karatasi za kupakua zenye maduara, unachapisha halafu unaweka pete juu yake. Zinaaminika?

#8 KipimoSahihi

Zinaaminika kama printa haijaigusa saizi yake, na kwa kawaida huigusa. Ukiacha chaguo la "tosheleza ukurasa", printa inapunguza picha ili iingie ndani ya kingo. Faili la karatasi ya Marekani ya barua likichapishwa kwenye A4 linapungua hadi kama asilimia 97. La A4 likichapishwa kwenye karatasi ya barua linashuka hadi asilimia 94.

Fuata kinachotokea. Una pete ya 17.3 mm, namba 7. Kwenye ukurasa wa asilimia 94, duara linalolingana nayo ni lile lililoandikwa 18.4 mm, maana limesinyaa. Unasoma namba 8 na zaidi. Hata ule wa asilimia 97 unakupeleka zaidi ya 7½. Karatasi iliyopungua siku zote inakuletea pete kubwa, na ile ya ukanda wenye milimita inakosea upande huo huo.

Dawa: chapisha kwa asilimia 100, kisha kabla hujaweka pete, weka kadi ya benki juu ya kipimo cha majaribio. Kadi za benki zote zina urefu wa 85.6 mm na kimo cha karibu 54 mm kwa kiwango cha kimataifa. Kama ukurasa hauna kipimo cha majaribio, weka rula juu ya duara la 20 mm uone kama ni 20 kweli. Programu za simu ni hivyo hivyo. Ile isiyokuomba uweke kadi kwenye kioo ili irekebishe vipimo, iache, haijui kioo chako kina ukubwa gani.

Na pete ikishakaa juu ya duara, duara liguse ukingo wa *ndani* wa pete. Kuna wanaolinganisha na ukingo wa nje. Pete yenye unene wa 1.8 mm ina 3.6 mm zaidi kwa nje, hapo mtu anaagiza pete yenye zaidi ya namba nne juu.

#9 SonaraMkongwe

Wadau, mmepiga hesabu vizuri, sasa turudi kwenye mkono wenyewe, maana kidole hakitulii.

Joto linakivimbisha, baridi inakisinyaza. Mazoezi, chumvi nyingi kwenye chakula, safari ndefu ya kukaa, ujauzito, vyote vinakinenepesha. Ukipima asubuhi umetoka kunawa maji baridi, utapata namba ndogo na jioni pete itakubana. Pima jioni, mwili ukiwa na joto la kawaida, siku mbili au tatu tofauti. Majibu yakitofautiana kwa 1 mm ya mzingo ni kawaida. Chukua kubwa kama pete ni pana, chukua katikati kama ni nyembamba. Mama mjamzito asipime wakati huo akaagiza pete ya kudumu.

La pili ni kifundo. Watu wengi hupima shina la kidole peke yake na kusahau kwamba pete lazima ipite kwenye kifundo kwanza. Pima pote pawili kwa karatasi. Tofauti ikiwa ndogo, 1 mm au 2 za mzingo, agiza ya shina na uongeze robo namba. Shina likiwa 52 na kifundo 57, huna namba moja inayotosha pote pawili. Pete ya 57 itapita halafu itazunguka, kito kikitazama kiganjani. Hapo agiza kitu kama 55.5 hadi 56, ipite kwa kuzungushwa polepole na sabuni kidogo, kisha sonara aunge vishanga viwili vidogo vya chuma ndani, upande wa chini wa pete. Vinaegemea ngozi na kuizuia isizunguke, na wakati wa kuvua vinapita kwa sababu nyama ya hapo ni laini.

Namna ya kujua pete imekaa: inapoingia isukume kidogo kwenye kifundo, ikishapita ilale bila ngozi kuvimba pembeni, na wakati wa kutoka idai kuzungushwa. Ikitoka kwa kuvuta tu moja kwa moja, siku ya baridi utaipoteza kwenye maji.

#10 Chuma_cha_Pua

Mkuu @SonaraMkongwe, upana unabadilisha namba kwa kiasi gani? Nataka pete ya 8 mm, na ninayovaa sasa ni ya 2.5 mm, namba 9 ya Marekani.

#11 SonaraMkongwe

Ndugu, hapo usiagize 9. Pete nyembamba inapita kama uzi na ngozi inapata pa kukimbilia pande zote mbili. Pete ya 8 mm inafunika sehemu kubwa ya kidole, ngozi haina pa kwenda, na kifundo kinakutana na ukuta mrefu. Mwongozo ninaouamini: hadi 4 mm baki na namba yako, 5 hadi 6 mm ongeza robo, kuanzia 7 mm ongeza nusu. Kwako ni 9½. Waliopanga pete nyembamba tatu au nne kwenye kidole kimoja wahesabu upana wa jumla, mwili hauoni tofauti.

Kuna jambo linalokwenda kinyume na hilo, nalo ni pete zilizochongwa mviringo kwa ndani. Kwenye hizo, ni katikati tu ya upana ndipo panagusa ngozi, kingo zimeinuliwa. Zinapita kifundo kirahisi na zinahisi kulegea kuliko namba yake. Kwa pete ya 8 mm ya aina hiyo, ongezo la nusu mara nyingi linatoshana na ulegevu wake, na 9 au 9¼ inatosha. Soma maelezo ya bidhaa, au omba picha ya pete ikiwa imekatwa pembeni uone umbo la ndani.

Na ukitumia vile vipete vya kupimia vilivyofungwa kwenye mnyororo, angalia upana wake. Seti nyembamba na seti pana zinakupa majibu tofauti kwa kidole kimoja, tumia ile inayokaribia pete yako. Mkanda wa plastiki wenye namba, ule unaokazwa kama mkanda wa suruali, ni mwembamba na unapinda, unafaa kwa pete nyembamba tu. Angalia pia umechapwa namba za nchi gani, maana mkanda wa Uingereza na wa Marekani unafanana kwa umbo.

#12 Mwanavito

Niongeze kwa pete yenye kito kikubwa. Uzito uko juu, kwa hiyo pete inataka kugeuka. Hiyo iwe ya kukaza kidogo, robo chini ya pete tambarare ya upana ule ule, mradi kifundo kinakubali.

#13 Bwana_Siri

Wakuu, na kama pete ni ya kumshtukiza mtu? Siwezi kumzungushia karatasi kidoleni.

#14 KipimoSahihi

Kaka, azima pete yake, lakini hakikisha kwanza anaivaa kidole kipi na mkono upi. Mwangalie akiwa ameivaa. Pete iliyo kwenye sanduku la vito inaweza kuwa ya kidole cha kati, au ni ile aliyoacha kuivaa kwa sababu haimtoshi.

Ukiwa na dakika tano na kalipa, pima kama nilivyoeleza #1. Huna kalipa, ikandamize kwenye kipande cha sabuni laini iache alama kamili ya duara, rudisha pete, kisha pima alama ya ukingo wa ndani kwa utulivu. Kuchora kwa penseli ndani ya pete kuna kasoro moja: ncha haifiki kabisa ukutani, mstari unabaki ndani kwa nusu ya unene wa penseli kila upande, hivyo duara unalopata ni dogo. Chonga penseli iwe kali na uishike wima. Halafu pima ukingo wa *nje* wa mstari uliochora, si katikati yake.

Kama ya kidole kile huipati, usikadirie kutoka pete ya kidole kingine kwa kanuni fulani. Agiza pete inayoweza kurekebishwa na usiandikishe maneno ndani kabla hujajua inamtosha, kwa sababu muuzaji akishachora majina mara nyingi haipokei tena.

#15 Lulu_ya_Kina

Hiyo ya kurekebishwa ielezeeni. Pete zipi zinakubali na zipi hazikubali?

#16 SonaraMkongwe

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea, kwa hiyo nitachukua nafasi.

Dhahabu, fedha na platini zinarekebishika. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza: sonara anakata upande wa chini, anatoa kipande, kwa namba moja ya Marekani ni kama milimita mbili na nusu, anakutanisha ncha, analehemu, anang'arisha. Kuongeza kunataka kipande cha chuma cha aina na rangi ile ile kiingizwe, au pete tupu ivutwe kidogo kwenye fimbo, nayo ikivutwa inakuwa nyembamba. Namba moja hadi mbili ni salama kwa pete nyingi. Zaidi ya hapo umbo linaharibika, na kucha zinazoshika kito zinafunguka au kujikunja kwa sababu mpindo wa pete umebadilika. Dhahabu nyekundu inapasuka kirahisi kuliko ya njano, mwambie sonara mapema.

Tangisteni na kauri hazirekebishwi kabisa. Ni ngumu, hazivutiki wala hazilehemiki, ukizilazimisha zinavunjika. Titani na chuma cha pua ni kazi ngumu ambayo wengi hawaipokei. Kwa hizi nne, kosa la namba ni pete mpya, basi. Pima mara mbili ya unavyopima kwa dhahabu.

Pete yenye vito mzingo mzima haina mahali patupu pa kukata, nayo ichukulie kama tangisteni. Yenye vito nusu ya juu, chini pakiwa tupu, inakubali mabadiliko madogo.

Pete ya kuchovya, ile yenye dhahabu juu na chuma kingine ndani, ikilehemiwa inaonyesha rangi ya ndani pale motoni, itabidi ichovywe upya. Na lulu, opali na zumaridi hazipendi moto. Sonara mwangalifu atakitoa kito kwanza, na kukitoa na kukirudisha ni gharama ya ziada na ni hatari kwa kito chenyewe.

Maandishi ya ndani nayo yanakatika kama yanapita upande wa chini. Kama unajua utarekebisha, maandishi yaje mwisho.

#17 Chuma_cha_Pua

Basi niliyoiangalia ni ya tangisteni. Nimwandikie nini muuzaji?

#18 FundiHesabu

Mwandikie hivi, ubadilishe namba tu: "Nahitaji kipenyo cha ndani 19.35 mm, mzingo wa ndani 60.8 mm, kwenu ninaona ni 9½ ya Marekani. Upana wa pete 8 mm. Je, ndani ni tambarare au imechongwa mviringo? Tafadhali pima pete yenyewe kwa kalipa kabla ya kutuma, uniambie inasoma ngapi. Isipolingana, nairudisha kwa masharti gani na gharama ya usafirishaji ni ya nani?"

Kipenyo na mzingo viende pamoja kwa makusudi, kimoja kinakikagua kingine. Akikujibu kwa namba peke yake, "ndiyo, 9½ ipo", muulize tena milimita. Kama anapima kwa fimbo ya kupimia, ile nyembamba juu na nene chini, muulize anasoma katikati ya upana wa pete au kwenye ukingo. Pete ya 8 mm inachukua nafasi kubwa kwenye fimbo, na ukingo wa juu na wa chini vinaonyesha namba tofauti.

#19 Zumaridi_K

Swali la mwisho kwangu. Pete ikifika na inabana, nitajuaje kosa ni langu au ni la muuzaji?

#20 KipimoSahihi

Usiivae kwanza, dada. Ikikwama na ukaivuta, itapata mikwaruzo na hoja yako ya kuirudisha inadhoofika. Itoe kwenye kifungashio, pima kwa kalipa robo mzunguko mara mbili kama tulivyosema, katikati ya upana, na upige picha kalipa ikiwa ndani ya pete na namba inaonekana. Wewe uliomba 53, kipenyo 16.9. Ikisoma 16.8 hadi 16.9, pete ni sahihi, rudi kwenye karatasi yako upime kidole upya jioni, na kifundo pia. Ikisoma 16.5, umeletewa namba 6 badala ya 6½, mtumie picha.

Na kama umeshaivaa imegoma kutoka, usivute. Inua mkono juu ya usawa wa moyo dakika chache, uuweke kwenye maji ya baridi, paka sabuni au mafuta, kisha zungusha pete huku ukisukuma ngozi ya kifundo chini yake. Kidole kikianza kubadilika rangi au kufa ganzi, nenda hospitali ikatwe. Ya tangisteni haikatwi kwa msumeno wa kawaida, hubanwa kwa koleo maalumu mpaka ipasuke, kwa hiyo wataje mapema ni ya chuma gani.